Kabla ya Kuingia katika Mbio za Droni Uganda: Mambo ya Kuzingatia

Mtu anayetaka kujifunza mbio za droni hapa Uganda karibu kila mara huanza kwa kuulizia bei, na hapo ndipo anapopotea njia. Droni ya mbio si kifaa cha kununua leo na kuulizia sheria zake kesho, kwa sababu anga la nchi liko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yaani UCAA, na kuingiza droni nchini huhitaji pia kibali cha usalama kinachohusisha Wizara ya Ulinzi. Kifurushi kikifika bila barua hizo, kinaweza kuzuiwa forodhani. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mgeni katika mchezo huu, niliagiza fremu, mota nne na kamera nikiamini kwamba vipuri vilivyofungwa mbalimbali havihesabiwi kuwa droni. Vilizuiwa katika kituo kimoja cha mpakani, vikakaa ghalani miezi kadhaa, na sikuvipata tena. Tangu hapo kila anayeniuliza humwambia utaratibu mmoja tu: karatasi kwanza, mazoezi ya kompyuta wakati karatasi zinasubiriwa, na droni yenyewe mwisho.

Barua ya kuomba kibali inastahili kuandikwa kwa uangalifu kuliko watu wengi wanavyodhani. Afisa anayeisoma huenda anaijua droni ya kupigia picha za harusi, ile inayoning'inia angani kwa msaada wa setilaiti na kuweza kwenda mbali, na ni haki yake kuwa na shaka. Droni ya mbio ni kitu kingine kabisa: rubani huiendesha akiwa amevaa miwani ya video inayomwonyesha picha zinazorushwa na kamera ndogo iliyo juu yake. Kwa kawaida haisimami yenyewe hewani, betri yake huisha kwa dakika mbili au tatu za mbio kali, na kazi yake yote hufanyika ndani ya eneo la ukubwa wa uwanja wa mpira, ikipita katika milango isiyozidi sana kimo cha mtu. Eleza hayo kwa maneno ya kawaida. Taja uzito wake pamoja na betri, ukubwa wa propela, masafa ya redio na nguvu ya kurushia picha, mahali na saa za mazoezi, na jina la mtu mzima atakayesimamia. Kwa kuwa rimoti na kirushio cha picha ni vifaa vya redio, ulizia pia kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda kama aina uliyochagua imeidhinishwa. Kama huna haja ya kurekodi, sema wazi kwamba hutafunga kamera ya kurekodi. Kamera ndogo ya rubani inatosha kwa mbio, nayo inakuondolea maswali mengi, yakiwemo yanayotokana na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Omba majibu yote kwa maandishi, utengeneze nakala, na ukubali kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

Baada ya hapo tafuta uwanja, na uutafute ukiwa na ramani mkononi. Jinja ninakoishi ni mfano mzuri wa ugumu wenyewe. Kimaka kuna kiwanja cha ndege, na hapo hapo kuna chuo cha jeshi. Ukigeukia mtoni unakutana na bwawa la umeme la Nalubaale pamoja na daraja jipya la Nile lililofunguliwa mwaka 2018. Vyote hivyo viko ndani ya mji mmoja, na hakuna hata kimoja ambacho mtu mwenye busara angerusha droni karibu nacho. Kampala kuna uwanja wa sherehe za taifa wa Kololo, na ukishuka barabara ya Entebbe unakuta kiwanja cha Kajjansi chenye ndege ndogo, kisha uwanja wa kimataifa wenyewe. Katika hifadhi za wanyama kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ni sharti jingine, tena mbio hazina nafasi huko. Uwanja unaofaa ni wa shule au wa mtu binafsi, nje ya mji, wenye barua ya mwenye mali, na ambao mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kituo cha polisi cha karibu wameufahamu kabla ya siku ya kwanza. Ukiona mkutano wa siasa au msafara wa kiongozi umepangwa karibu na hapo, ahirisha hata kama kibali unacho.

Wakati barua zinatembea, usikae bure. Programu za kuigiza urukaji kama VelociDrone na Liftoff huendeshwa kwa kompyuta, na rimoti nyingi za mchezo huu huunganishwa nayo kwa waya wa USB, kwa hiyo vidole vyako vinajifunza kwa vijiti vile vile utakavyovitumia uwanjani. Zima msaada wa kujisawazisha tangu mwanzo. Droni ya mbio huruka katika hali ambayo ukiilaza inabaki imelala mpaka uinyanyue mwenyewe, na mtu aliyezoea kusaidiwa na mashine hulazimika kujifunza upya kwa gharama ya propela na mota. Siku za kwanza utaanguka kila baada ya sekunde chache. Baada ya jioni ishirini hivi za kukazana utaanza kupita milango mitatu mfululizo, na hapo ndipo utajua kama mchezo unakupenda nawe unaupenda. Wazazi wenye wasiwasi kwamba ni mchezo wa kupoteza muda wanaweza kuelezwa kwamba mashindano makubwa ya Dubai ya mwaka 2016 yalishindwa na Luke Bannister wa Uingereza, na ubingwa wa kwanza wa dunia chini ya FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, uliofanyika Shenzhen mwaka 2018, ulichukuliwa na Rudi Browning wa Australia. Kila mmoja wao alikuwa na umri wa miaka 15.

Kibali kikipatikana, jizuie usirukie droni ya propela za inchi tano, ambayo ndiyo ya mashindano. Hiyo hupita kilomita 120 kwa saa bila shida, na propela zake hukata nyama. Anza na ile ndogo inayotoshea kiganjani, yenye urefu wa milimita 65 hivi kutoka mota hadi mota, propela zilizozungukwa na pete, na uzito usiofika hata gramu 50. Inaweza kuruka katika ukumbi wa shule au wa kanisa viti vikiwa vimesogezwa, mvua ikinyesha nje, na ikimgonga mtu haimjeruhi vibaya. Kuruka ndani ya nyumba hakuifanyi iwe halali kuiingiza nchini bila kibali, lakini hukuondolea kwa muda mrefu tatizo la anga na la majirani.

Sasa betri, na hapa naomba uvumilivu, kwa kuwa droni ikianguka huvunjika fremu tu, lakini betri ikiharibika huchoma nyumba. Betri za lithiamu polima zinazotumika zina seli zilizopangwa kwa mfululizo, nne au sita kwa droni kubwa. Kila seli ikijaa huwa na volti 4.2, kuhifadhi kwa zaidi ya siku moja au mbili ni kwa volti 3.8, na ukiwa hewani, seli ikikaribia 3.5 ni wakati wa kutua, kwa maana ikizamishwa chini ya 3.0 huharibika kabisa. Chaja iwe ile inayosawazisha seli moja moja, na idadi ya seli uliyoiwekea ilingane na betri iliyo mbele yako. Chaji juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu cha udongo, mbali na mapazia na godoro, ndoo ya mchanga ikiwa karibu, na wewe mwenyewe ukiwa macho. Nimewaona vijana wakichaji usiku kucha kwa kuhofia umeme kukatika asubuhi. Naelewa sababu yao, lakini afadhali kukosa mazoezi ya siku moja. Betri iliyovimba au iliyotobolewa na mgongano haichajiwi tena hata ikionekana nzima. Usiziache ndani ya teksi iliyoegeshwa juani, na ukisafiri kwa bodaboda zifunge katika sanduku gumu, ncha za nyaya zikiwa zimezibwa.

Kuhusu fundi, jifunze kulehemu mwenyewe. Mafundi wa simu wa mjini wana mikono mizuri na watakufundisha, ila huwezi kumtafuta fundi kila waya wa mota unapong'oka, na utang'oka kila wiki. Kwa ubongo wa droni, programu ya Betaflight ni ya bure. Kabla ya kufunga propela hakikisha humo mambo mawili: kwamba mota zote zinazunguka upande unaotakiwa, na kwamba ukizima rimoti mota zinasimama papo hapo. Droni iliyopoteza mawasiliano inapaswa kuanguka pale pale ilipo kuliko kuendelea kuruka ikiwa haina rubani.

Mnapokuwa zaidi ya mmoja uwanjani, masafa ya picha yanahitaji nidhamu kali. Picha za droni nyingi za mbio husafiri katika masafa ya gigahezi 5.8, na mpango unaotumika zaidi una njia nane, kuanzia megahezi 5658 hadi 5917, zikiwa zimeachana kwa megahezi 37. Nguvu ya miliwati 25 inatosha kwa uwanja mmoja. Mwenzako akiwa hewani nawe ukaunganisha betri yako kwenye njia yake, unamziba macho akiwa katika kasi ya gari la barabara kuu. Kwa hiyo hakuna anayeunganisha betri bila kutangaza kwa sauti na kujibiwa na wote. Ninaposimamia mazoezi, anayesahau sharti hili mara mbili hukaa benchi siku nzima, na sijawahi kujutia ukali huo.

Rubani aliyevaa miwani ya video haoni kinachomkaribia kutoka kando. Ndiyo maana nchi nyingi hudai awe na mwangalizi aliyesimama ubavuni mwake, anayeitazama droni kwa macho yake na mwenye mamlaka ya kusema "shuka" bila kuulizwa kwa nini. Mwangalizi huyo asiwe mtu wa kushika simu. Watoto watakuja, hilo halina shaka, wakivutwa na mlio. Wapangieni mahali pa kukaa nyuma ya marubani, nyuma ya kamba, na mmoja wenu awaelezee kinachoendelea, kwa sababu mtoto anayeelewa hutulia kuliko anayefukuzwa. Mwangalizi atazame juu pia. Mwewe na wale korongo wakubwa wanaoitwa kaloli huzunguka juu ya miji yetu, na kaloli aliyekunjua mabawa hupita upana wa mita mbili. Akishuka kuelekea uwanjani, kila droni inatua.

Hali ya hewa ya kwetu inapendelea asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Miezi ya Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, panga mazoezi ya ndani. Kila droni ifungiwe king'ora kidogo cha kuitafutia, hasa mnaporuka upande wa Kakira, ambako droni ikiingia katika shamba la miwa unaweza kuitafuta hadi giza na usiione.

Ukialikwa kushindana Kenya, kibali cha Uganda hakivuki mpaka pamoja nawe. Wenzetu wana kanuni zao za mwaka 2020, na maombi yafanywe kabla hujafika Busia. Ukienda kwa ndege, betri za akiba hubebwa katika mzigo wa mkononi, si katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, na kikomo cha kawaida bila idhini ya shirika ni saa-wati 100 kwa betri. Hesabu yake ni rahisi: zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya seli sita ya volti 22.2 na miliampea-saa 1300, yaani ampea-saa 1.3, ni saa-wati 29 hivi. Andika tarakimu hizo kwa kalamu isiyofutika juu ya kila betri, na uziweke katika mfuko mmoja na nakala za vibali, ili ukiulizwa usianze kupekua mizigo.