Namna ya Kupima Utando wa Sileni Juu ya Chembe za Silika

Utando wa sileni (molekuli zenye silikoni zinazofungamana na uso) juu ya chembe za silika (dioksidi ya silikoni) hauonekani kwa macho: unene wake, ukiwa wa tabaka moja, haufikii hata nanomita chache, na unga hubaki mweupe uleule kabla na baada ya mmenyuko. Kinachotakiwa kujulikana ni idadi ya molekuli za sileni zilizoshikamana na kila nanomita ya mraba ya uso, na njia ninayoiona kuwa ya kuanzia ni termogravimetria, yaani kupima uzito wa sampuli huku ikipashwa joto hadi sehemu ya kikaboni iungue yote. Mfano tutakaoutumia ni aminopropiltriethoksisileni, ambayo hutumika sana kuupa uso wa silika makundi ya amini.

Kazi huanza kwenye kuosha, na hapa ndipo vipimo vingi huharibikia, kwa kuwa sileni ambayo haikufungamana na uso huungua sawasawa na ile iliyofungamana, na mizani haina uwezo wa kuzitofautisha. Tawanya chembe ndani ya ethanoli, zungusha kwenye sentrifyuji, mwaga kimiminika cha juu, kisha rudia angalau mara tatu. Usikome kwa kuhesabu mizunguko tu. Chukua tone la kimiminika cha mwisho, liweke juu ya kioo safi, liache likauke, kisha ukiinamishe kioo kwenye mwanga. Ukiona duara la ukungu au utelezi wa mafuta, bado kuna kitu kinachotoka kwenye chembe, na unapaswa kuendelea kuosha.

Andaa pia sampuli linganishi: silika ileile, iliyopitia vimumunyisho vilevile, joto lilelile na muda uleule, lakini bila sileni. Silika tupu nayo hupoteza uzito inapopashwa joto, kwanza maji yaliyonata usoni, kisha maji yanayotoka pale makundi ya silanoli (Si–OH) ya uso yanapoungana, jambo linaloendelea polepole kuanzia nyuzi 200 hivi hadi kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Chembe zilizotengenezwa ndani ya ethanoli huweza pia kubaki na makundi ya ethoksi (vipande vya ethanoli vyenye kaboni) ambayo huungua katika masafa yaleyale ya joto.

Weka takriban miligramu 10 kwenye kikombe cha alumina, shikilia joto kwenye nyuzi 120 kwa nusu saa ili maji yaliyonata yaondoke, kisha panda kwa nyuzi 10 kila dakika hadi nyuzi 800, ndani ya mkondo wa hewa kavu. Ukitumia nitrojeni peke yake, sehemu ya kaboni huweza kubaki kama masizi na jibu likawa dogo kuliko ukweli. Kwa hiyo, kikombe kikipoa, angalia mabaki: yanapaswa kuwa meupe, na yakiwa ya kijivu, kaboni haijaungua yote.

Sasa hesabu. Tuseme chembe zina kipenyo cha nanomita 100, hazina vinyweleo, na msongamano wake ni gramu 2 kwa sentimita ya ujazo. Eneo la uso, ambalo ni 6 kugawanywa kwa msongamano na kipenyo, litakuwa mita za mraba 30 kwa gramu. (Kwa chembe zenye vinyweleo fomula hii haifai, na eneo lipimwe kwa ufyonzaji wa nitrojeni.) Kuanzia mwisho wa ile nusu saa, sampuli iliyotibiwa imepoteza asilimia 4.2 na linganishi asilimia 3.2. Usitoe asilimia moja kwenye nyingine moja kwa moja. Kwanza gawanya kila upotevu kwa mabaki yake: 4.2/95.8 ni 0.0438, na 3.2/96.8 ni 0.0331, tofauti ikiwa gramu 0.0107 kwa kila gramu ya silika. Sehemu inayoungua ni mnyororo wa aminopropili, wenye gramu 58 kwa moli, si molekuli nzima ya sileni yenye gramu 221. Gawanya kwa 58, zidisha kwa namba ya Avogadro (idadi ya molekuli katika moli moja), gawanya kwa eneo, na utapata takriban molekuli 3.7 kwa nanomita ya mraba.

Silika yenye uso uliojaa silanoli huwa na makundi hayo karibu 5 kwa nanomita ya mraba. Jibu likifika 10, sileni imejiunganisha yenyewe kwa tabaka juu ya tabaka, au kuosha hakukutosha. Kumbuka pia kwamba kwa chembe hizi kosa la asilimia 0.3 tu ya uzito katika linganishi huhamisha jibu kwa takriban molekuli 1 nzima, ilhali kwa silika ya mita za mraba 200 kwa gramu kosa hilohilo halifiki 0.2. Ndiyo maana chembe kubwa, zenye eneo dogo kwa gramu, zipimwe angalau mara tatu.

Hatimaye thibitisha kwa uchanganuzi wa elementi, yaani kupima kiasi cha kaboni na nitrojeni kilichomo kwenye sampuli. Mnyororo wa aminopropili una atomu 3 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni. Uwiano ukizidi hapo, hata baada ya kutoa kaboni ya sampuli linganishi, baadhi ya makundi ya ethoksi ya sileni hayakuvunjwa na maji, nayo yaliungua pamoja na amini, hivyo basi hesabu irudiwe kwa kutumia kiasi cha nitrojeni kilichopimwa pekee.