Kutunza kiti cha magurudumu kwenye hewa ya bahari

Hapa Mombasa chumvi ya hewani huvuta unyevu, na kutu huanzia pale rangi ilipochubuka: kwenye spoku, bolti na viungo vya kukunjia. Kwa hivyo futa kiti kizima kila wiki, na ukitoka ufuoni usingoje kesho. Tumia kitambaa kilicholoweshwa maji matamu; maji ya kisima yenye chumvi yatarudisha kile kile unachokiondoa. Usikipige kwa mpira wa maji, maana nguvu ya maji husukuma mchanga ndani ya beringi. Kikikauka, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo. Tairi isiguswe na mafuta, breki itateleza.

Magurudumu madogo ya mbele ndiyo yanayosumbua zaidi. Nywele, nyuzi za leso na mchanga hujisokota kwenye ekseli mpaka kiti kinavuta upande mmoja na bega la mwenye kiti linaumia. Inua mbele, lizungushe gurudumu kwa kidole. Likikwama au kukwaruza, fungua nati (nyingi ni spana namba 13, moja kila upande), chomoa bolti, kata uchafu kwa wembe, pangusa. Likiendelea kukwaruza, badilisha beringi zote mbili. Mpelekee muuza spea ile ya zamani. Namba imechapwa ubavuni, mara nyingi 608. Kupaka grisi kwa nje hakusaidii, hunasa mchanga tu. Unaporudisha, kaza mpaka gurudumu lisicheze kando lakini lizunguke bila kushikwa.

Breki ikilegea, wengi hukimbilia spana. Pima upepo kwanza! Tairi laini huifanya breki isiifikie. Jaza kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kisha bonyeza kwa kidole gumba: isizame zaidi ya milimita 5. Ikiwa breki bado haishiki, ndipo uisogeze karibu na tairi, pande zote sawa. Ukianza na breki, siku utakayojaza upepo tairi itasuguliwa hata breki ikiwa wazi.

Jaribu breki hizo nyumbani kabla ya kwenda feri ya Likoni. Kwenye mteremko, msukumaji ashuke kinyumenyume, kiti kikitazama juu, kwani mwenye kiti akitazama chini anaweza kuchomoka. Mkishaingia, funga breki zote mbili, na msukumaji asiachie vishikio mpaka feri itie nanga ng'ambo.