Mapu za Go hazipangi foleni

Jamani mnaoandika lugha ya programu ya Go, msitegemee mapu (hifadhi ya jozi za ufunguo na thamani, kama samaki na bei yake) iwaletee vitu kwa mpangilio. Juzi nilikuwa namtengenezea muuza samaki wa hapa Tanga orodha ya bei: mara ya kwanza changu juu, naendesha tena kibua, mara ya tatu tasi. Programu haina kosa. Tangu Go 1 ya 2012, mpangilio wa mzunguko wa range, yaani kupitia vitu vya mapu kimoja kimoja, huchanganywa makusudi. Kinachoponza ni fmt.Println, amri ya kuchapa: tangu toleo 1.12 huchapa mapu ikiwa imepangwa, ukadhani mambo shwari. Toa funguo (hapa majina ya samaki) kwanza, zipange, ndipo uzungushe. Kuanzia 1.23, kuzitoa na kuzipanga ni mstari mmoja tu: slices.Sorted(maps.Keys(bei)). Waliotoka lugha ya Python ndio hunaswa zaidi, maana kamusi zao (ndizo mapu za huko) tangu toleo 3.7 hufuata aliyetangulia kuingia.