Kutunza na kutengeneza pikipiki ndogo ya motokrosi ya tu-stroki huku Malindi: mchanga, chumvi na oili

Kama una pikipiki ndogo ya motokrosi, Yamaha YZ85 ama Kawasaki KX65 na zinazofanana nazo, kwanza elewa hii si boda. Boda ni foo-stroki, oili yake iko chini inazunguka yenyewe, hata ukiisahau siku kadhaa bado itakupeleka Gongoni ikurudishe. Tu-stroki haina hiyo. Oili inayolinda pistoni na beringi za kranki (ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) ni ile uliyochanganya na petroli basi, na hewa inapitia chini kwa kranki kabla ipande juu kwa silinda, kwa hivyo mchanga ukipita filta unasaga kila kitu, beringi, ringi, ukuta wa silinda, vyote. Na sisi huku mchanga ndio tunaupanda, ukitoka Mambrui ukishuka mpaka mdomo wa Sabaki ni mchanga mtupu, na ukienda njia ya Marafa ni vumbi jekundu laini kama unga, hilo kwa injini naliona baya zaidi kuliko mchanga wa pwani manake linapenya pahali popote.

Kwa hivyo filta. Safisha kila ukitoka kupanda, usiseme bado iko sawa. Ile sponji itoe polepole mchanga usidondoke ndani kwa mdomo wa kabureta, kisha ziba huo mdomo na kitambaa safi. Osha sponji na mafuta ya taa, usitumie petroli kwa sababu inalegeza gundi ya sponji na tena ni hatari ya moto, halafu osha na sabuni na maji ya uvuguvugu, uikamue kwa kuibana na viganja, usiipinde kama nguo manake itapasuka. Anika kivulini ikauke kabisa. Ikishakauka tia oili ya filta, ibonyeze mpaka rangi iwe sawa kote, ile inayochuruzika ikamue. Watu wengi hapa wanairudisha kavu wakidhani oili itaziba hewa, lakini sponji kavu haishiki vumbi, ile oili ndiyo inayoshika. Paka grisi kidogo pale ukingo wa filta unapokalia boksi, halafu chungulia ile raba kutoka boksi kwenda kabureta, ikiwa na ufa ama klipu imelegea basi filta yote uliyoosha haina kazi. Mimi ningeshauri uwe na sponji mbili, moja iko kwa pikipiki na nyingine imeshatiwa oili imefungwa kwa mfuko safi.

Sasa kuchanganya. Pikipiki nyingi za aina hii ukitumia 32 kwa 1 uko salama, yaani lita moja ya petroli na oili mililita 31, lita tano inakuwa kama mililita 156, lakini kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine fuata kitabu. Pima na chupa yenye alama, usipime na kifuniko cha soda. Changanya kwa jeri safi, tikisa, ndio umimine tangini, na tikisa tena kama imekaa. PW50 za watoto zenyewe zina tangi lao la oili kando, hizo ni kuhakikisha tu halikauki. Halafu kuna jambo la huku kwetu pwani, oili ya tu-stroki iliyo rahisi kupata ni ile ya mashine za mashua, ukisoma chupa imeandikwa TC-W3. Ile imetengenezewa injini inayopozwa na maji ya bahari, haipati joto kama la pikipiki inayopigwa gesi mchangani. Nzuri ile, lakini kwa mashua. Wewe tafuta iliyoandikwa JASO FD (alama ya ubora wa oili kwenye chupa) ama ya mashindano, hata kama itabidi uagize Mombasa. Na oili ya gia ni kitu kingine kabisa, hiyo inalainisha gia na klachi peke yake, chukua ya pikipiki yenye JASO MA, ukitia ya gari klachi inaweza kuteleza.

Hapa naomba usome vizuri hasa kama pikipiki umeinunua bara. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa kule ni nyepesi, kwa hivyo kabureta iliyosetiwa kule inatoa petroli kidogo kulingana na hewa hiyo. Ukiishusha Malindi ambapo hewa ni nzito, ile petroli haitoshi tena, na petroli ikipungua oili nayo imepungua, joto linapanda, pistoni inavimba inashika silinda. Pikipiki ilikuwa inakimbia vizuri kabisa juzi huko, huku inashika siku ya kwanza, na mwenyewe anadhani kauziwa mbovu. Badilisha meni jeti, kile kipande chenye tundu ndani ya kabureta kinachopima petroli, uweke namba kubwa kabla hujaifungua gesi yote. Anza na kubwa zaidi ya unayohitaji, ikiwa inakwamakwama na kutoa moshi mwingi gesi ikiwa juu, teremsha namba moja moja. Kuanza upande wa petroli nyingi utachafua plagi, lakini kuanza upande wa petroli kidogo utanunua pistoni.

Plagi ndiyo itakuambia. Panda, fungua gesi yote sehemu ndefu, kata injini hapo hapo ukishika klachi, toa plagi uangalie. Rangi ya kahawia ni sawa, nyeusi na imelowa, petroli ni nyingi, nyeupe kama chokaa, petroli ni kidogo, usiendelee. Geji ya plagi, yaani nafasi kati ya ncha zake, kwa YZ85 ni milimita 0.5 mpaka 0.6.

Ikiwa jeti ni sawa lakini bado nyeupe, ama ukiachilia gesi injini inabaki juu haishuki, kuna hewa inaingia kisirisiri. Angalia raba ya kabureta, gasiketi ya ridi (vile vibati vinavyoruhusu hewa iingie kwa injini), na sili ya kranki upande wa magneto, pale umeme wa plagi unapotengenezwa. Sili ya upande wa klachi ikifa utajua kwa njia nyingine, moshi mweupe mzito na oili ya gia inapungua na huoni inapomwagika, inaliwa na injini.

Kabureta ikiziba, mara nyingi ni petroli iliyokaa. Kama hupandi wiki mbili tatu, funga koki ya petroli umwage ile iliyo kwa bakuli la kabureta. Jeti usichokoe na waya, tundu likipanuka hata kidogo namba yake si ile tena, chukua kipande cha mshipi wa kuvulia, ule mwembamba wa nailoni, unapita vizuri na haukwaruzi.

Kuosha ni haraka tu, ila si kwa maji ya kisima kama kisima chako kina chumvi, na vingi vya karibu na bahari vina. Tumia ya mfereji ama ya mvua, ziba ekzosi na filta kwanza, ukimaliza pulizia oili cheni na upake grisi beringi za linki ya shoki, hizo zikishika kutu kuzitoa ni kazi ya siku nzima.

Mwisho pistoni. Hizi zinahesabiwa kwa masaa ya kupanda, si kwa miezi. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda, na geji yake injini ikiwa mpya, gesi imefunguliwa yote, piga kiki mpaka sindano ya geji isimame, andika hiyo namba pahali. Ikishuka sana usingoje. Ukitoa silinda ziba kranki na kitambaa, kisha sukuma ringi ndani ya silinda na kichwa cha pistoni ikae sawa, pima nafasi ya mdomo wa ringi na fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia), ulinganishe na kitabu. Silinda ya YZ85 imepakwa nikeli, haina sleevu ya chuma, kwa hivyo fundi akikuambia ataibori, yaani ataichonga ipanuke, kama AG100 mkatalie kwa heshima. Kurudisha pistoni, mshale uangalie ekzosi, mdomo wa ringi ukae kwenye kapini yake, ile pini ndogo ndani ya mfereji wa ringi, klipu za gujini (pini inayoshika pistoni) ziwe mpya kila mara hata kama za zamani zinaonekana nzima, gasiketi mpya, na nati za hedi ukaze kwa msalaba kidogo kidogo mpaka kipimo cha kitabu.

Iwashe, ipate joto silinda iwe moto, zima, ipoe kabisa. Rudia mara mbili tatu. Tangi la kwanza panda taratibu ukibadilisha gesi, usiishike pahali pamoja kwa muda mrefu, ukae mbali na mchanga mzito wa Mambrui unaoilazimisha injini, kisha ikipoa kagua tena nati za hedi na utazame plagi.