Kumlisha Mzee ili Mtoto wa Jicho Akawie

Anayempikia mzee hana budi kufahamu mapema kwamba hakuna chakula, matone wala majani ya kuchemsha yanayoweza kumwondoa mtoto wa jicho aliyekwisha kukomaa. Tiba yake ni upasuaji, ambapo lenzi iliyoingia ukungu hutolewa na kuwekwa ya bandia. Kazi ya chakula ni ya kabla ya hapo, nayo huchukua miaka mingi.

Lenzi ya jicho ni maji na protini zilizopangika vizuri hata mwanga ukapita bila kizuizi. Protini hizo huharibiwa polepole na umri, mionzi ya jua, moshi wa sigara na sukari iliyozidi katika damu, zikagandamana kama ute wa yai unaopata moto. Utafiti wa King's College London uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia jozi 324 za pacha wanawake kwa takriban miaka 10, uliona kwamba waliokula zaidi vyakula vyenye vitamini C walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 33 wa ukungu wao kuongezeka. Uhusiano huo si uthibitisho kamili, lakini kwangu unatosha kumwekea mzee tunda mezani.

Pera ndilo ningelitanguliza, kwa kuwa gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, karibu mara nne ya chungwa. Mzee asiye na meno mkatie vipande vyembamba na umtolee mbegu.

Mchicha, matembele, majani ya maboga na sukuma wiki vina luteini na zeaksanthini, viini vya rangi ya njano ambavyo hupatikana pia ndani ya lenzi yenyewe. Osha majani kabla ya kuyakata, kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia mboga, funika kwa dakika chache, kisha epua ikiwa bado ina rangi yake ya kijani. Mafuta hayo ndiyo yanayousaidia mwili kufyonza viini hivyo. Kisamvu hakimo katika kanuni hii, kwani lazima kitwangwe na kuchemshwa hadi kiive kabisa ili sumu yake itoke.

Kwa mwenye kisukari, kudhibiti sukari kuna uzito kuliko mboga zote, maana sukari ikizidi huingia ndani ya lenzi, hugeuka sorbitoli, aina nyingine ya sukari, na kuvuta maji. Ikiwa mzee amezoea vijiko vinne katika chai, mpunguzie nusu kijiko kila wiki, naye atazoea.

Vidonge vya luteini havijathibitika hivyo. Jaribio la vidonge vya macho la Marekani liitwalo AREDS2, lililotoa matokeo mwaka 2013 baada ya kuhusisha watu zaidi ya 4,000, halikuona kwa ujumla kwamba vilipunguza haja ya upasuaji; fedha hiyo ni heri inunue mboga sokoni.

Mzee anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongezewe mboga za majani ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.