Kabla hujaenda kupimwa pumzi inayokatika ukifanya kazi

Ukipanda ngazi unahema kuliko wa rika lako, nenda kapimwe. Ila usiende mikono mitupu.

Beba dawa zote unazotumia na picha za zamani za eksirei. Kumbuka pumzi inakatika wakati gani: kifua kikibana na kulia filimbi ukikimbia au dakika chache baadaye, hasa kwenye baridi, huenda ni pumu. Kama hali imezidi polepole kwa miaka, taja sigara, na jiko pia. Moshi wa kuni huharibu mirija ya hewa hata kwa mama asiyewahi kugusa sigara. Waliochimba madini au kuponda mawe waseme. Vumbi lile huacha makovu yanayojitokeza miaka mingi baadaye.

Na kama uliwahi kuugua TB, sema kabla hujaulizwa. Mjomba wangu alimaliza dozi ya miezi 6, makohozi yakawa safi, akaambiwa amepona. Kweli alipona. Lakini akibeba ndoo ya maji, kila baada ya nyumba chache anaitua, anashika kiuno, anatafuta hewa. Akienda kupimwa anakaa foleni mpaka anatulia, kifaa cha kidoleni kinasoma oksijeni ya damu asilimia 96, kiwango cha kawaida, anaambiwa, "Mzee, ni umri tu." Hakuwa amefika hata 50! Ikaenda hivyo mpaka daktari mmoja alipomwinua akamtembeza koridoni dakika 6, kifaa kikiwa kidoleni. Oksijeni ikashuka hadi 85. Picha ikaonyesha sehemu ya juu ya pafu la kulia imesinyaa kwa makovu. Vijidudu vilikufa, makovu yakabaki. Pafu lililosalia lilimtosha akikaa, halikumtosha akifanya kazi.

Kwa hiyo omba, tena kwa sauti: "Naomba nipimwe nikitembea." Uliza pia kipimo cha kupuliza kwenye mashine. Na wakitaka kukuanzishia dozi ya TB upya, uliza kwanza makohozi yamepimwa na yamesema nini, kwani makovu peke yake hukatisha pumzi.

Pumzi ikikata ghafla, hasa mguu mmoja ukiwa umevimba, au umetoka kujifungua au kupasuliwa, usisubiri foleni ya kesho. Damu iliyoganda inaweza kuwa imeziba mshipa wa pafu. Usiazime pampu ya pumu ya jirani ukaona yameisha, wala usilazimishe mazoezi eti kufungua kifua. Na mapafu yakikutwa mazima, usirudi nyumbani hivyo hivyo. Wakuangalie moyo na wingi wa damu.