Kushusha Corolla DX kwa springi fupi, kwa barabara za Mbeya

Mwongozo huu ni wa Toyota Corolla KE70 ya saluni, ile tunayoiita DX, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1979. Mbele ina strati zenye springi zilizozunguka shokapu. Nyuma ina ekseli nzima iliyoshikwa na mikono minne pamoja na fimbo moja iliyokingama, na springi zake ni za mzunguko pia. Kama yako ni steshenwageni yenye springi za vyuma bapa nyuma, fuata maelezo ya springi za mbele tu.

Namwandikia mtu anayelitumia gari lake kila siku huku nyanda za juu, si wa kulipaki kwenye maonyesho. Kwa barabara zetu sishushi zaidi ya milimita 40, na mwenye gari akitaka 70 humwambia wazi kwamba sitafanya. Milimita 35 zinatosha kabisa gari likae vizuri na lipunguze kulala kwenye kona za Tukuyu.

Hatua ya 1: Pima kabla hujanunua chochote

Simamisha gari pa tambarare, tairi zikiwa na upepo sawa. Pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Ukipima kutoka ardhini, tairi iliyolika itakudanganya.

Halafu pakia gari kama unavyolipakia siku zote. Kama kila mwezi unapanda na gunia la mchele kutoka Kyela na watu wanne ndani, pakia hivyo hivyo. Pima kutoka ardhini hadi kitu cha chini kabisa, ambacho mara nyingi ni ekzosi, kisha toa 40. Kinachobaki ndicho utakachovukia matuta ya barabara kuu kuanzia Mbalizi hadi Igawa. Nenda na kipimo hicho kwenye tuta unalolijua uone kama linapitika.

Hatua ya 2: Chagua springi

Usikate springi zako za zamani. Najua hapa mjini ukifika gereji nyingi, grenda ndiyo inayotolewa kwanza, na wengine huzipasha moto kwa gesi mpaka zijikunje zenyewe. Moto unaua ugumu wa chuma cha springi. Gari litakaa chini siku ya kwanza, litaendelea kushuka, na siku moja springi itakatika kwenye shimo. Kukata bila moto kuna ubaya wake pia: unaondoa ncha iliyotengenezwa ilalie kwenye kiti chake, na springi inabaki fupi kiasi kwamba gari likinyanyuka inacheza mahali pake.

Tafuta springi zilizotengenezwa fupi kwa ajili ya KE70, au za mtumba kutoka gari lenye muundo kama huu. Ukienda kuchagua mtumba, beba venia, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene. Pima unene wa waya, upana wa mzunguko, na uhesabu mizunguko. Unene wa waya ndio unaotawala kuliko vyote: waya wa milimita 12 unatoa springi ngumu kuliko wa 11 kwa asilimia 40 hivi, vipimo vingine vikiwa sawa. Watu wengi huangalia urefu tu, wakaishia na gari linalorusha abiria kichwa hadi kwenye paa. Mizunguko nayo ina neno: springi ya mizunguko 7 inayofanya kazi (ile isiyolala kwenye viti) ikibaki na 6, inaongezeka ugumu kwa karibu asilimia 17.

Nunua jozi, kushoto na kulia kutoka gari moja. Nunua na shokapu mpya. Shokapu iliyochoka haiwezi kuizuia springi ngumu, na kwenye mteremko wa Kitonga ndipo utakapolijua hilo.

Hatua ya 3: Inua gari

Stendi za chuma, juu ya zege. Si matofali, si mawe, si jeki peke yake, na si kwenye udongo wetu mwekundu msimu wa mvua.

Hatua ya 4: Mbele

Fungua kalipa, ile inayobana pedi za breki, uining'inize kwa waya, isibebwe na mpira wake wa breki. Kama bomba la breki limeshikwa kwenye strati, litenganishe, na mwishoni utatoa upepo kwenye breki. Fungua bolti mbili za chini zinazoshika strati kwenye mkono wa usukani, halafu nati tatu za juu, ndani ya boneti. Nati ya katikati usiiguse bado. Hiyo ndiyo inayoizuia springi isiruke.

Strati ikiwa mezani, bana springi kwa vibano viwili vya skrubu vilivyokabiliana, ukizungusha kimoja kidogo na kingine kidogo, mpaka springi ilegee kwenye viti vyake. Hapo tu ndipo unafungua nati ya katikati. Waya wa kufungia au mnyororo si kibano. Springi iliyobanwa inaweza kuvunja taya la mtu, kwa hiyo kama huna vibano, azima au kodi kabla hujaanza. Usielekeze uso juu ya strati wakati wowote.

Kurudisha ni kinyume chake. Ncha ya springi ikae kwenye ngazi yake.

Hatua ya 5: Nyuma

Weka jeki chini ya difu, stendi zikiwa chini ya bodi. Fungua shokapu upande wa chini na fimbo iliyokingama upande mmoja, kisha shusha ekseli taratibu huku mwenzako akiangalia mpira wa breki usivutike. Springi zinatoka kwa mkono. Raba za juu na chini zirudi, au weka mpya. Zile raba za kugongea usizitoe. Zikiwa ndefu mno, punguza theluthi tu.

Hatua ya 6: Kukaza bushi

Soma hapa mara mbili. Kazi nyingi za kushusha gari zinaharibikia hapa, na lawama zote wanabebeshwa wauza springi.

Bushi za mikono ya DX ni raba iliyogandishwa kati ya bomba la nje na bomba dogo la ndani. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linashikwa halizunguki tena. Mkono unapopanda au kushuka, raba ndiyo inayojisokota, kama nguo inayokamuliwa, na daima inataka kurudi pale ilipokazwa. Kiwandani zilikazwa gari likiwa kwenye kimo cha zamani. Ukiweka springi fupi bila kulegeza bolti hizo, kila bushi inalisukuma gari lirudi juu. Ukizilegeza na kuzikaza gari likiwa bado limening'inia kwenye stendi, ni vibaya zaidi: umezifunga kwenye kimo ambacho gari halitakitumia kamwe, na zitachanika baada ya muda mfupi.

Kuna kijana wa Uyole nilimsaidia, DX yake ilikuwa imegoma kushuka nyuma na upande wa kulia ulikuwa juu kwa zaidi ya sentimita moja. Alikuwa ameshaambiwa akate springi ya kulia. Tulilegeza bolti za mikono yote, tukalisukuma gari mbele na nyuma, nalo likakaa. Springi zilikuwa sawa tangu mwanzo.

Kwa hiyo, gari likiwa juu na kabla ya kugusa springi (Hatua ya 4 na ya 5), legeza bolti zote: nane za mikono minne, mbili za fimbo iliyokingama, na za ndani za mikono ya chini ya mbele. Legeza tu, usizitoe. Weka springi, funga magurudumu, shusha gari chini. Ukilishusha, magurudumu ya mbele yanakuwa yamejikunja kwa ndani na tairi zinang'ang'ania ardhi, kwa hiyo lisukume hatua kadhaa mbele na nyuma, na ulikandamize kila pembe. Sasa kaza, uzito wote ukiwa juu ya magurudumu.

Utafikaje chini? Shimo la gereji ndilo bora. Huna shimo, pandisha magurudumu yote manne juu ya mbao pana na nene. Njia ya tatu ni stendi chini ya ekseli yenyewe nyuma, na chini ya mikono karibu na boljointi mbele, ili springi zibebe uzito kama kawaida.

Bolti zenye kutu hugandana na bomba la ndani, hasa magari yaliyoishi Rungwe kwenye mvua. Zilowanishe dizeli usiku kucha. Usitumie moto wa gesi: kuna raba, mabomba ya breki, na tangi la petroli halipo mbali. Bolti ikizunguka pamoja na bushi, basi bushi hiyo imekwisha, ibadilishe sasa. Na tumia nati mpya.

Hatua ya 7: Kagua

Inua bodi mpaka ekseli ining'inie, kisha jaribu kuzizungusha springi za nyuma kwa mkono. Zikicheza kwenye viti, shokapu ni ndefu mno. Weka fupi kabla ya kuendesha, kwa sababu springi inaweza kuchomoka kwenye shimo.

Fimbo iliyokingama huisogeza ekseli pembeni kidogo gari linaposhuka. Pima tairi hadi madigadi pande zote mbili. Milimita chache hazina shida mradi tairi haigusi gari likiwa limepakiwa.

Zungusha usukani mwisho hadi mwisho, uangalie mipira ya breki na ukingo wa madigadi. Jaribu kwanza mjini, kwa mwendo mdogo, kabla hujashuka Tukuyu.

Springi mpya hukaa chini milimita chache zaidi katika siku za mwanzo. Endesha wiki moja, pima tena pembe zote nne, kaza bolti upya, ndipo uende alaimenti, maana kushusha mbele kunabadilisha mlalo na mwelekeo wa tairi. Ukienda kabla ya hapo utalipa mara mbili. Siku hiyo hiyo warekebishe na taa.